Doa Lililobaki

Haya alinisimulia Yuliana mwenyewe, wiki ya pili baada ya Pasaka ya mwaka huu, alipokuja kwangu na kikapu cha njegere na mvua ikamkatalia kuondoka. Tulikaa jikoni tukizimenya njegere hizo, na kila alipofika penye kutisha mikono yake ilisimama, nikawa namenya peke yangu mpaka aendelee.

Yuliana ni mtu wa Kihengele, kitongoji kilichoko juu kabisa, njia ya Mgeta, huko ambako ukidondosha kiazi shambani kwako unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Nyumba za ukoo wao ni tano, zimejipanga chini ya mlima mmoja mkali uliokatwa ngazi za maharage na viazi toka chini hadi karibu na msitu. Mwenye neno juu ya nyumba hizo na ngazi hizo ni mjomba wake, Laurenti, maana kwa Waluguru ardhi hushikwa upande wa mama, na mpwa akitaka hata pa kupanda kitunguu humwomba mjomba. Mlima huo ndio uliowalisha. Ndio pia waliouogopa bila kusema, maana kila masika ulikuwa unamega kipande hapa, kipande pale.

Miaka miwili iliyopita walikuja watu wa utafiti. Wakajenga nguzo fupi ya saruji ng'ambo ya kijito, kwenye kigongo penye kigango cha kanisa na shule, mahali unapouona mlima wote uso kwa uso. Juu ya nguzo wakaweka skurubu ya kukazia kamera. Kisha wakatafuta mtu wa kuitunza kamera hiyo na kupiga picha moja kila asubuhi saa tatu, mahali pale pale, kwa tundu dogo kabisa la lenzi, ili kila kitu kionekane, cha karibu na cha mbali. Wakamchagua Yuliana kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na kwa kuwa, walisema, ana mkono usiotetemeka. Picha alizituma kwa simu kwa bwana mmoja aitwaye Oscar, ofisini kwao mjini, naye akawa analinganisha ya leo na ya jana.

"Mlima ukitaka kuondoka," Oscar alimwambia, "hutoa alama kwanza. Ufa, shimo, maji yanayotoka pasipo na chemchemi. Wewe ndiye jicho letu, dada."

Basi jicho likapata kazi. Lakini Kihengele wakati wa masika si mahali pa kuweka kitu kikakauka. Viatu huota ukungu chini ya kitanda, chumvi hugeuka uji. Angelina, mama yake Yuliana, alipoona kamera inatoka jasho ndani ya mfuko wake akasema, "Iweke darini, juu ya mafiga. Mbegu ya mahindi inakaa huko mwaka mzima haiozi, sembuse hicho kidude?"

Likaonekana jambo la akili kabisa. Kila jioni Yuliana akaipandisha kamera darini, katikati ya mahindi ya mbegu, na ili unyevu utoke vizuri akaivua lenzi, akaiacha mdomo wazi, kama mtu anavyofunua sufuria mvuke utoke. Moshi ukapanda na masizi yakapanda nao. Kamera ikakauka kweli kweli. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa inalishwa.

Jumatatu moja, baada ya mvua ya siku tatu isiyopumua, Yuliana akapiga picha yake ya saa tatu. Akatazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Ubavuni mwa mlima, juu ya paa za nyumba zao, palikuwa na madoa meusi ambayo jana hakuyaona. Akaikuza picha. Madoa yakakua nayo. Moja, mawili, matatu, manne.

Alichofikiri ni mashimo tu, mlima umefumbua macho manne. Hakumpigia Oscar, hakumwita mjomba. Alikimbilia ringi ya gari iliyotundikwa pembeni mwa kigango badala ya kengele, akashika chuma, akaipiga hata viganja vikamchubuka.

Watu wakatoka. Katika mvua ile ile walitoka, na watoto, na magodoro vichwani, na vikongwe migongoni. Ignas, ndugu yao wa ukoo, ambaye mlango wake wa mninga ulikuwa na wiki moja tu toka autundike, aliung'oa akaja nao begani. Kijito kilikuwa kimejaa. Rahel, binti wa Ignas, mtoto wa miaka minne, aliteleza kwenye jiwe la kuvukia, maji yakamchukua hatua tano, Laurenti akamnasa kwa gauni.

Walisimama kwenye baraza la shule wakitetemeka, wakiutazama mlima. Mlima ukawatazama. Saa nzima ikapita.

Ndipo Yuliana akampata Oscar kwenye simu. Oscar akazitazama picha, kisha akasema, "Elekeza kamera mbinguni, upige."

Akapiga. Madoa yalikuwa yananing'inia mawinguni.

"Enhee," Ignas akasema, akichungulia begani kwa Yuliana, mlango bado umemlalia mgongoni. "Kumbe na mbingu zimebomoka?"

"Ni vumbi," Oscar alikuwa akisema simuni. "Vumbi kwenye kioo cha ndani. Uliifungua lenzi, Yuliana? Mtafute mtu mjini akusafishie. Picha yenye madoa haina kazi kwangu, na tafadhali usinipe presha tena."

Watu wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyeogopa bure na nguo zake zimelowa. Mmoja akafunua mgongo, "Yuliana, hebu nitazame, mimi sina doa?" Laurenti peke yake hakucheka. Alikuwa bado amemshika Rahel, ambaye alikuwa anatapika maji.

"Yuliana."

"Abee, mjomba."

"Mtoto huyu nusura tumzike kwa ajili ya vumbi. Ringi ile usiiguse tena. Ukiona kitu, uje kwangu. Mimi ndiye nitakayesema watu watoke au wasitoke."

"Nimesikia, mjomba."

"Na kesho ukakisafishe hicho kitu."

Jumanne, alfajiri bado nyeusi, Yuliana akateremka mlima na kamera kifuani chini ya koti. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Alitembea, akapanda bodaboda, akapanda gari, na saa mbili na nusu alikuwa mjini, Mwembesongo, mlangoni kwa Shadia.

Shadia walisoma naye. Ana chumba kimoja cha kupigia picha, za pasipoti ukutani na za harusi pale panapotokea harusi. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono yote miwili ameinyoosha mbele kama mtu anayeota moto, hina mbichi imemjaa toka kucha hadi viwiko.

"Usinishike!" akapiga kelele kabla hata ya salamu. "Mawifi zangu wanaozesha binti leo jioni. Hina hii nikiiharibu nitaachika. Mambo vipi, shoga? Mbona uso umekuwa kama wa mgonjwa?"

Yuliana akamweleza yote. Alipofika kwenye dari na mafiga, Shadia akacheka mpaka machozi, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Umeikausha kamera kama samaki! Haya, kaa hapo. Mimi mikono sina leo, nitakuwa mdomo. Wewe utafanya mwenyewe."

"Mimi? Shadia, si yangu hii. Nikiikwaruza?"

"Ukiikwaruza umeua. Kwa hiyo usiikwaruze. Betri ikoje?"

"Nusu."

"Nusu haifai. Iweke kwenye chaji wakati tunatafuta. Nina betri kama hiyo pale rafu ya juu, imejaa, chukua. Ukifungua ili usafishe, kuna pazia dogo la chuma linajivuta pembeni. Umeme ukikata katikati, pazia linarudi, linakukuta na kijiti ndani. Hapo huna pazia, huna kijiti, huna kamera."

Yuliana akabadilisha betri.

"Kwanza tujue adui amekaa wapi," Shadia akasema. "Tundu dogo kabisa, namba ishirini na mbili. Elekeza ukutani, ule ukuta mweupe. Usiilenge vizuri, wacha iwe na ukungu, na wakati unapiga itikise kidogo. Ukutani hakuna kitu, kwa hiyo chochote utakachokiona ni uchafu wa ndani."

Akapiga. Wakatazama wote wawili, Shadia ameinamisha shingo, mikono nyuma kama askari. Kwenye weupe ule yalikuwepo madoa ya kijivu, mviringo, kama matone ya mafuta kwenye karatasi.

"Matatu," Shadia akasema. "Si mengi. Moja juu kushoto, mawili hapa kati. Na ukumbuke, picha huingia kichwa chini. La juu kwenye picha ndilo la chini kwenye kioo."

"Ni manne," Yuliana akasema.

"Matatu. Hesabu."

Yuliana akahesabu. Akahesabu kwa kidole. Kisha akarudisha picha nyuma mpaka kwenye ile ya Jumatatu, ile ya mlima, akahesabu pia. Juu kushoto moja. Kati mawili. Na chini kulia, juu kidogo ya paa za nyumba zao, la nne.

Akatafuta picha ya mbingu aliyopiga baada ya ringi. Juu kushoto moja. Kati mawili. Chini kulia palikuwa na wingu jeupe tupu.

Jana hakuna aliyehesabu. Walipoona madoa mawinguni waliridhika.

"Hebu likuze hilo la nne," Shadia akasema, na sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha. Yuliana akalikuza. Shadia akainama karibu zaidi. "Yale mengine yamefifia pembezoni, unaona? Vumbi huwa hivyo, halina ncha. Hili lina ncha."

Yuliana akazihesabu paa pichani. Nyumba tano. Mama yake wakati huu alikuwa anapepeta maharage uani, chini ya hilo doa. Akachukua simu, akampigia mjomba Laurenti. Haipatikani. Akapiga tena. Kihengele mtandao huwa kwenye kigongo tu, na mjomba haendi kwenye kigongo ila Jumapili. Akampigia Oscar.

"Dada," Oscar akasema, "jana ulinipigia hivi hivi. Siwezi kuhamisha watu kwa kamera chafu. Nipe picha safi nitakusikiliza."

Yuliana akasimama, akaanza kuirudisha kamera mfukoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nikawaambie."

"Uwaambie nini? Kwamba umeona doa?" Shadia akamzibia mlango kwa mwili, mikono juu. "Shoga, hata mimi rafiki yako nisingetoka. Ukiwa na uchafu huo ndani watakwambia ni vumbi, na hutakuwa na jibu. Safisha kwanza. Dakika kumi. Ukiondoka hapa, kila doa litakalobaki liwe la mlima."

Akakaa.

Akafuata mdomo wa Shadia neno kwa neno. Akaingia kwenye orodha ya kamera, akabonyeza pa kusafishia, kioo kidogo kikanyanyuka, pazia likajivuta, na ndani kabisa, kwenye shimo lile, akaona kibamba kinachong'aa rangi ya bluu na zambarau kama mgongo wa nzi wa chooni. Kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Akainamisha uso na kufungua kinywa, tayari kukipulizia pumzi ya moto, haa, kama alivyozoea kusafisha chemni ya taa.

"Funga mdomo!"

Yuliana akaruka nusura aiangushe.

"Mate! Unataka kukipikia masizi yale yawe gundi? Chukua lile puto la mpira, lile jeusi. Geuza kamera itazame chini. Chini kabisa, ili kinachotoka kidondoke. Ncha isiingie ndani. Puliza. Tena. Tena."

Akaminya puto, fyuu, fyuu, fyuu. Wakafunga, wakapiga ukuta. Madoa mawili. Moja la kati lilikuwa limeondoka.

"Hayo yaliyobaki ni ya mafuta ya moshi," Shadia akasema. "Hayo ni ya kijiti chenye kitambaa nchani. Vimebaki viwili tu, vimefungwa kwenye nailoni. Tone moja la dawa, si mawili. Weka ukingoni, vuta hadi ukingo wa pili bila kusimama, kama unapaka siagi kwenye mkate wa mtu usiyemtaka, nyembamba. Ukifika mwisho geuza upande wa pili, rudi mara moja. Basi. Usirudie na upande uliokwisha gusa, utaburuza mchanga."

Yuliana alishika kijiti. Mkono usiotetemeka ulikuwa unatetemeka. Aliona ncha yake inacheza juu ya kile kibamba, na katika kile kibamba akawa anaona paa la bati la mama yake. Nje pikipiki ikapiga honi. Akaondoa kijiti, akafuta kiganja kwenye sketi.

"Vuta pumzi," Shadia akasema polepole. "Uitoe yote. Usivute nyingine mpaka umalize."

Akaitoa. Akagusa. Akavuta. Kitambaa kikapita juu ya kioo bila sauti, kikafika. Akageuza, akarudi, akanyanyua. Akazima, pazia likarudi kwa mlio mdogo, tap, naye ndipo akakumbuka kupumua.

Wakapiga ukuta tena, picha haikuwa na kitu. Weupe kutoka pembe hadi pembe.

"Ee Mungu, lisiwepo," Yuliana akasema, kwa ajili ya lile la nne, na Shadia akaitikia, "Amin."

Alipofika kwenye kigongo ilikuwa saa nane kasoro na mlima haupo. Ukungu ulikuwa umeshuka, umefunika toka msitu hadi kijito, hata nyumba zao hakuziona. Akavuka, akamkuta mjomba Laurenti anachonga mpini wa jembe kibarazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Imesafishika?"

"Imesafishika. Mjomba, naomba uje nami kwenye nguzo."

"Kufanya nini?"

"Kwenye ile picha madoa yalikuwa manne. Vumbi lilikuwa matatu."

Laurenti akaweka panga chini. "Yuliana, watu wa hapa hawajakauka nguo za jana."

"Uliniambia nikiona kitu nije kwako. Nimekuja."

Lilikuwa neno lake mwenyewe. Akatwaa kofia, wakavuka kijito. Maji yalikuwa yamebadilika rangi, mekundu mazito kama chai ya maziwa. Laurenti aliyatazama, akaongeza mwendo.

Yuliana akaikaza kamera kwenye skurubu. Wakangoja. Ukungu ulisimama mbele yao kama ukuta wa Shadia, mweupe, bila doa, na nyuma yake kulikuwa na sauti ndogo ndogo za mawe yanayohama. Mjomba akawasha sigara, ikalowa, akaitupa.

"Nina kuku wa kufungia," akasema.

"Ngoja kidogo tu, mjomba."

"Umesema hivyo mara tatu."

Upepo ukaja toka upande wa msitu. Ukungu ukapasuka katikati, ngazi zikatokea moja moja, kijani, kijani, kijani. Yuliana akapiga. Kisha akalegeza skurubu, akaielekeza kamera pembeni kidogo, akapiga tena. Akapiga na wingu. Ukungu ukajifunga.

Akamwonyesha wingu kwanza. "Safi, mjomba. Hamna kitu ndani, umeona? Sasa mlima."

Doa lilikuwepo. Lilikuwa kubwa kuliko la jana, na lilikuwa limeota mkia.

"Ni vumbi tena," Laurenti akasema, lakini alisema kama mtu anayeuliza.

"Tazama hii ya pili. Nimegeuza kamera. Vumbi hutembea na kamera, mjomba, utalikuta pembe ile ile hata ukipiga jua. Hili halikutembea. Limekaa pale pale chini ya kisiki."

Laurenti akaichukua kamera mikononi, mara ya kwanza katika miaka miwili. Akaikaribisha usoni, akaisogeza mbali, maana macho yake ni ya mtu mzima. Yuliana akamkuzia. Alichoona yeye ni doa, lakini mjomba aliona shamba. Midomo ikaanza kwenda, akihesabu toka chini.

"Kisiki cha mkenge... ngazi ya kwanza viazi, ya pili, ya tatu... Hii ni ya nne. Nimepalilia maharage hapa Ijumaa. Hapa pakavu, hapana maji toka enzi za bibi yangu." Akaweka kidole juu ya doa. "Huo weusi ni tope linatoka ndani."

Akamrudishia kamera polepole sana, kana kwamba ingemwagika.

"Piga ringi," akasema.

"Uliniambia nisii..."

"Piga!"

Alipiga. Lakini safari hii nyumba zilikaa kimya. Mtu mmoja alichungulia, akacheka, akarudi ndani. Ndipo Yuliana akaelewa hofu ni nini hasa, maana ya jana ilikuwa hofu ya kuona kitu, na hii ni ya kukiona peke yako. Laurenti alikuwa ameshavuka kijito, anakimbia, mzee yule, anaita majina nyumba kwa nyumba. Yuliana akaacha ringi akamfuata.

Angelina alitoka mara moja, na ungo mkononi. Nyumba mbili nyingine wakatoka kwa kumwona mzee anakimbia, kitu ambacho hawajapata kukiona. Ignas alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Mjomba, na wewe? Jana nimeng'oa, leo asubuhi nimepigilia misumari mipya. Mlango wangu hautoki tena kwa picha za Yuliana."

"Sikutaki mlango, nataka watu!"

"Ni vumbi!"

Laurenti hakubishana. Alimchukua Rahel aliyekuwa amekaa kizingitini, akamweka kifuani, akaondoka naye mbio kuelekea kijito.

"We mzee! Mtoto wangu huyo! Jana nusura azame!" Ignas akamkimbilia, na mkewe akamkimbilia Ignas akilia, na mlango ukabaki wazi unabembea. Hivyo ndivyo nyumba ya tano ilivyotoka.

Walivuka wakishikana mikono mnyororo mmoja, Yuliana wa mwisho, maji yakimvuta magoti. Katikati ya kijito maji yakapungua ghafla. Yakashuka toka magotini hadi kwenye vifundo, kama mtu amefunga bomba huko juu. Wengine wakashukuru. Yuliana akaona uso wa mjomba wake ukigeuka majivu.

"Mlima umekiziba kijito. Kimbieni," Laurenti akasema, wala hakupaza sauti.

Walikuwa wamefika kwenye uwanja wa shule saa kumi na nusu mlima uliposikika ukiporomoka. Hawakuuona, ukungu ulikuwa umefunika. Walisikia tu, kama magunia elfu ya viazi yanamwagwa kwa pamoja, na miti ikivunjika katikati ya mmwago huo, na ardhi ya kigongo ikatikisika chini ya nyayo zao. Kisha harufu ikaja, harufu ya udongo wa ndani ambao haujapata kuona jua. Kisha kimya, na mbuzi mmoja analia mbali, na mbuzi akanyamaza.

Watu hawakulia mara moja. Angelina alianza kuhesabu vichwa kwa sauti, akapata ishirini na sita, akahesabu upya, akapata ishirini na saba, wakapigana na hesabu hiyo mpaka wakagundua kuwa mara ya kwanza hakujihesabu mwenyewe. Wote walikuwapo.

Ukungu ulipofunuka kidogo, waliona nyumba nne hazipo. Ya Laurenti imebaki nusu.

Oscar akapiga simu, picha ambazo Yuliana alimtumia toka kwenye nguzo zilikuwa zimemfikia. "Watoe watu sasa hivi!" akapiga kelele. Yuliana akamwambia wametoka. Upande wa pili akasikia mtu mzima anajaribu kulia bila kusikika.

Wakafunguliwa darasa la tatu. Walimu wakaleta uji. Watoto wakalala kwanza, juu ya magunia, kisha wanawake, mmoja mmoja, na mchana ulikuwa bado haujaisha madirishani. Ignas alilala akiwa amekaa, amemshika Rahel mguu mmoja kama anayeshika kamba ya mbuzi. Laurenti alikaa kizingitini, akitazama upande ulikokuwa mlima.

Yuliana akaenda akakaa karibu naye. Kila jiwe lililodondoka huko juu liliwashtua wote wawili.

"Kama lingekuwa vumbi," mjomba akasema, "ningekufukuza ukoo."

"Najua, mjomba."

"Uliogopa?"

"Bado naogopa."

"Na mimi." Akasugua magoti yake. "Hizo ngazi alizichonga bibi yangu. Kesho asubuhi utalipiga tena picha hilo... hilo lililobaki?"

"Saa tatu."

"Nitakuja nikuhesabie."

Akaegemea fremu ya mlango. Kichwa kikamshuka, kikanyanyuka, kikashuka, na safari ya tatu hakikunyanyuka. Yuliana akamfunika kwa khanga ya mama yake. Akasikiliza. Jiwe. Kimya kirefu. Jiwe jingine, dogo. Alitaka kuhesabu dakika kati ya jiwe na jiwe, akafika sita, akapoteza hesabu, akaanza upya, akafika nne. Kamera ilikuwa ndani ya koti, kifuani, lenzi imefungwa. Akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akalaza shavu kwenye ukuta wa darasa, na usingizi ukamchukua akiwa katika kuhesabu.